Gitaa la Stima Lililokaa Kwenye Moshi

Nyinyi vijana mnaopanda hadi hapa kwangu Ngoingwa na magitaa mgongoni, nimeshawazoea. Mnafika, mnanisalimu "sasa mzee", mnafungua mfuko, na kabla sijapata hata miwani yangu mmeniuliza swali lile lile: nitumie msasa gani? Kila mtu anataka kuanza na msasa. Najua ni mjukuu wangu anayewatuma, maana amewatangazia kwamba guka wake alikuwa fundi wa polishi tangu wakati wa mkoloni. Basi nitawajibu wote mara moja, nipate kunywa chai yangu kwa amani.

Usianze na msasa. Anza na maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na kitambaa ambacho hutakililia kikichafuka. Osha, kausha, osha tena. Gitaa kuukuu limeshikwa na mikono ya watu, limelala chini ya vitanda, limeingiwa na jasho na kumwagikiwa pombe, na hayo yote yako pale juu yakingoja wewe uyasukume ndani ya mbao kwa msasa wako. Ukishayasukuma hayatoki. Utapaka rangi nzuri ya bei, nayo itakimbia pale penye mafuta kama maji yanavyokimbia kwenye jani la nduma.

Hayo nilifundishwa na Mzee Sefu wa Majengo, Thika, miaka ya hamsini. Mzee Sefu alikuwa Muislamu, baba yake alitoka upande wa Tanganyika na kubaki huku, na yeye alizaliwa na kukulia katikati yetu mpaka akawa anaongea Kikuyu cha sokoni, kile cha kutaja bei na kutukana mbuzi. Mchana tulifanya kazi pamoja katika duka la fanicha la Mhindi mmoja mjini. Jumamosi mchana na Jumapili alikuwa na kazi zake mwenyewe, kwenye baraza la nyumba yake, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Alivaa kofia nyeupe ya kufuma, na katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kuona tone la polishi juu ya kofia ile. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwa na polishi mpaka kwenye nyusi.

Polishi yetu ilikuwa ni shelaki. Inakuja ikiwa vipande vyembamba kama mbawa za kumbikumbi, rangi ya asali. Unailoweka kwenye spiriti mpaka iyeyuke, unaichuja kwa kitambaa, kisha unaipaka kwa donge la pamba lililofungwa ndani ya kipande cha shati kuukuu. Huipaki kama unavyopaka ukuta. Unaipitisha, mviringo mviringo, mkono usisimame hata kidogo, maana ukisimama donge linanata na kung'oa kazi ya juzi. Tena usipake siku ya ukungu. Mimi nilipaka kabati la watu mwezi wa saba, ile baridi yetu ya Thika ya manyunyu, nikitaka kumaliza mapema. Asubuhi kabati lilikuwa jeupe, limeganda kama uji.

Mzee Sefu alilizunguka. "Mbugua, hili umelipaka maziwa?"

"Ni ukungu, mzee."

"Ukungu hauna mkono. Donge lilikuwa na nani?"

Tulilifuta lote kwa spiriti tukaanza upya, na tangu siku hiyo kabla sijafungua chupa huwa naangalia mbingu kwanza.

Sitaki mfikiri alikuwa mtu mkali. Wakati mmoja kuku wa jirani alitembea juu ya meza ya mwalimu mkuu, polishi ikiwa bado mbichi, kutoka kona hii mpaka ile, hatua zote zikionekana. Mwalimu mwenyewe akatokea saa hiyo hiyo kuulizia meza yake. Nilikuwa tayari kukimbia. Mzee Sefu akamwambia kwa utulivu, "Iko tayari isipokuwa kidogo, mwalimu. Huyu ametia sahihi kabla yako." Mwalimu akacheka mpaka akaketi, na meza ikangoja wiki nyingine.

Lakini niliyetaka kuwaambia habari zake ni Mama Karanja, na gitaa la kwanza la stima nililowahi kulishika.

Alikuja Jumamosi moja ya Januari, jua likiwaka. Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, ilikuwa inaelekea kwisha. Watu wetu walikuwa bado wanakaa kwenye vile vijiji walivyohamishiwa kwa nguvu, lakini waliokuwa kizuizini walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja. Tuliona mama anaingia uani na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imekaa kwenye paji la uso. Nilimjua. Alikuwa wa rika la mama yangu, kutoka kijiji cha upande wa Ruiru. Nikamsalimu, nikamsaidia kutua mzigo, nikishangaa ni nani anayebeba kuni kutoka Ruiru mpaka Thika.

Alifungua kamba. Katikati ya kuni kulikuwa na kitu kimefungwa kwa ngozi ya kondoo.

"Mama yako aliniambia wewe hufanya mbao zing'ae," akasema. "Ni la Karanja. Nataka lirudi kama lilivyokuwa siku ile walipomchukua."

Akaondoa ngozi. Lilikuwa jeusi kama chungu. Niliona shingo, nikaona nyuzi mbili zilizobaki zikiwa na kutu, lakini halikuwa na tumbo kama magitaa tuliyoyajua. Lilikuwa ubao mmoja mzito, umechongwa kiuno, na katikati kibati chenye sumaku na waya. Karanja alikuwa amelinunua kwa Mgoa mmoja mpiga muziki huko Nairobi, ambaye alilichonga mwenyewe kwa kuangalia picha. Karanja alifanya kazi kwa fundi wa redio wakati huo, kwa hivyo mambo ya waya hayakumtisha.

Alipokamatwa, mama alilitia darini, juu ya jiko, pale tunapowekea kuni zikauke na mahindi yasiliwe na wadudu. Walipohamishwa alilibeba vivyo hivyo, ndani ya kuni, akalipandisha kwenye dari ya nyumba mpya. Miaka yote hiyo lilikaa kwenye moshi.

"Karanja amerudi?" nikauliza.

"Amerudi mwezi uliopita."

"Anaendeleaje?"

Alifunga kamba yake polepole. "Anakula. Anachota maji. Anaketi." Akakaza fundo. "Hajui kama niko nalo. Usimwambie."

Alipokwenda, Mzee Sefu alilipitishia kidole, akakinusa. "Huu si moshi peke yake. Kuna mtu amelipaka mafuta ya mbarika. Amelipaka kama mtoto anayepelekwa kanisani." Akatikisa kichwa. "Mbao iliyokunywa mafuta, Mbugua, ni kama mtu aliyekunywa chang'aa. Utamwosha nje, lakini ndani anajua mwenyewe."

Tukaanza. Maji ya moto na magadi, kitambaa, kisha spiriti, kisha maji tena. Ndoo ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili kahawia. Nilikuwa nikifuta upande wa mbele, chini ya nyuzi, nilipoona doa jeupe. Nikafikiri nimeshaua rangi. Nikafuta pembeni, na doa likapata majani. Kisha jingine, na jingine. Yalikuwa maua ya kahawa, yamepakwa kwa rangi ya mafuta, madogo madogo, yamekaa kwa vikundi kwenye tawi kama yanavyokaa mvua ikishanyesha na shamba lote likifunguka kwa siku moja.

"Simama," akasema Mzee Sefu. Akaliinua kuelekea kwenye jua. "Huyu hakuwa fundi. Lakini aliyaangalia maua kabla ya kuyapaka."

Hatukujua la kufanya. Mama hakutaja maua. Tena ile sumaku na waya zake ilibidi zitoke kabla hatujaendelea, na hakuna kati yetu aliyejua waya ipi inakwenda wapi. Mzee Sefu akaamua. "Kazi ya siri haifai. Mwite mwenye gitaa."

"Mama alisema nisimwambie."

"Mama alisema lirudi kama lilivyokuwa. Mimi sijui lilivyokuwa. Wewe unajua?"

Kesho yake nilichukua baiskeli ya Mzee Sefu nikateremka Ruiru. Siku hizo njia yote ile ilikuwa mkonge na vumbi, na pale mnapopaita Witeithie leo ningeweza kupita bila kuona mtu wa kumuuliza saa. Nilimkuta Karanja nyuma ya nyumba ya mama yake, ameketi kwenye gogo, anachonga mpini wa jembe. Tulikuwa tumesoma pamoja. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza mvi upande mmoja, na hali tulikuwa vijana.

"Mama yako ameleta gitaa lako kwetu," nikasema. Sikujua njia nyingine ya kusema.

Kisu kikasimama. "Gitaa gani?"

"La stima. Alikuwa amelificha darini."

Alitazama paa la nyumba kwa muda mrefu, nyumba aliyokuwa akilala ndani yake mwezi mzima. Kisha akaweka mpini chini, akavaa koti. Nilimbeba kwenye baiskeli mpaka kwenye kila mlima, na kwenye kila mlima tukashuka tukatembea.

Mzee Sefu alikuwa ameliweka juu ya magunia, uso juu. Karanja aliingia barazani, akaona maua, akasimama. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuligusa, halafu akaurudisha mfukoni.

"Toeni," akasema. "Yote. Mpake nyeusi."

Akageuka akaondoka.

Mzee Sefu akanionyesha kwa kidevu nimfuate. Nilimkuta chini, upande wa mto Chania, kwenye mawe yaliyo juu ya maporomoko, anatazama maji yakienda kuanguka. Nikaketi. Sauti ya maji ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kukaa kimya bila kuonekana amenyamaza.

Baadaye akaongea. Maua yale yalipakwa na Wambui, dada yake mdogo. Alikuwa mchumaji wa kahawa, na rangi aliipata kwenye mkebe uliobaki walipopaka milango ya stoo ya shamba. Alitumia unyoya wa kuku. Walikuwa wakiimba pamoja, yeye na Wambui. Karanja anaanza, Wambui anaitikia.

"Niliporudi," akasema, "niliingia nikamsalimu maitu, mama yangu, nikauliza Wambui yuko wapi, nimsalimie naye. Maitu akainuka, akanipeleka mpaka ukingo wa shamba, akanionyesha mahali alipolazwa. Tukarudi, akanipa chakula. Hatujaongea juu ya hayo tena mpaka leo."

"Hukumuuliza?"

"Hakutaka kuniambia nikiwa huko kizuizini. Miaka yote nilikuwa nikihesabu watu wawili nyumbani. Nitamuuliza nini sasa?"

Nikamrudisha kwenye habari ya kazi. Nikamwambia hatujui waya zile, tutaziharibu. Akainuka, akakung'uta suruali. "Waya nitatoa mimi," akasema.

Basi akawa anakuja. Alifungua kile kibati kwa bisibisi ndogo, akaandika kichwani kila kitu kilipokaa, akatoa ile sumaku yenye waya mwembamba kama unywele. Kutu ilikuwa imekata waya mahali pamoja. Akaizungusha upya kwa mkono, akiwa ameketi kwenye kona ya baraza, siku nzima bila kuinua kichwa. Nyinyi mnanunua sumaku mpya kwenye boksi. Siwacheki, tungekuwa na pesa wakati huo tungenunua pia.

Wakati huo Mzee Sefu aligundua jambo lingine. Aliweka ukucha pembeni ya ua moja, akasukuma kidogo, nalo likainuka kama ganda la kitunguu. Akajaribu jingine. Mafuta yalikuwa yamepita chini ya rangi yote ya mbele. Hata tungeyaacha, yangeanguka yenyewe kabla ya mvua za Machi.

"Mwite mama," akaniambia. "Hili sitalifanya nikiwa na mmoja bila mwingine."

Mama Karanja alikuja Jumamosi iliyofuata. Alipomkuta mwanawe barazani akiwa na gitaa magotini alinitazama mimi, nami nikatazama ndoo. Mzee Sefu akampa kigoda, akamweleza kwa kile Kikuyu chake cha sokoni, na mahali maneno yalipomwishia mimi nikaongeza. Akamwambia maua hayawezi kukaa. Akamwonyesha kwa ukucha. Akamwambia ni mafuta. Aliyelipaka mafuta alitaka kulitunza, lakini mafuta ndiyo yameyainua maua.

Karanja alikuwa anafungua skrubu ya mwisho, na aliongea bila kuinua macho.

"Kwa nini hukunipelekea habari, maitu?"

"Ningempa nani?" akasema mama. "Na mtu aliye ndani ya waya za kizuizini unampelekea kifo akifanyie nini?"

"Ningejua."

"Ungejua. Na ungekula?"

Mzee Sefu akaanza kuinuka awapishe, lakini mama akamshika nguo, akaketi tena.

"Ilikuwa kifua," mama akasema. "Tulikuwa tunachimba ule mtaro wa kuzunguka kijiji, na mvua inanyesha, na hakuna kurudi nyumbani mpaka askari apige filimbi. Alirudi anatetemeka. Nikafikiri ni baridi tu. Alipokuwa amelala akaniuliza, gitaa la Karanja halijaliwa na wadudu? Nikamwambia panda uangalie mwenyewe, wewe si ndiye mwenye macho. Nilikuwa namtania, nilitaka ainuke. Hakuweza. Basi nikalishusha. Akaomba mafuta ya mbarika. Alilipaka akiwa amelala, polepole, siku mbili, na maua yake akayazunguka kwa kidole asiyafute. Akaniambia nikulindie."

Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza njia.

"Aliimba?" Karanja akauliza.

"Kidogo. Kikohozi kilimkataza."

Nilimwona Mzee Sefu akitazama kile kitambaa chenye mafuta alichokuwa akikilalamikia wiki nzima. Alikikunja vizuri akakiweka kando. Sikumsikia akitaja mafuta yale tena.

Kisha mama akanyoosha mkono. "Ni kwa kitu gani mnatoa?"

Nikampa kikwaruzo, kile cha bati tulichokuwa tukitumia kuvua vanishi. Akalichukua gitaa kutoka kwa Karanja, akaliweka magotini. "Mimi ndiye niliyemfunika," akasema. "Hata hili nitafanya mimi." Akaanza na ua la pembeni. Hakulazimisha. Maganda meupe yakaanguka miguuni pake, kuku wakaja kuyadonoa, akawafukuza kwa mguu. Alipofika katikati kikwaruzo kikateleza na kutia alama kwenye mbao.

"Nipe, maitu," Karanja akasema.

Akampa. Karanja akamalizia, tawi lote, mpaka mbao ikabaki tupu. Walikuwa wameketi magoti yakigusana, na sasa walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, na mimi na Mzee Sefu tulikumbuka kwamba tulikuwa na kiti cha kutengeneza nyuma ya nyumba.

Kazi iliyobaki ndiyo mnayoipenda nyinyi. Tuliivuta ile mbao mafuta kwa chokaa kavu, tukiipaka na kuikung'uta, jua la Januari likitusaidia, mpaka chokaa ikawa inatoka nyeupe kama ilivyoingia. Hapo ndipo msasa ulipoingia, kwanza ule mkali, kisha laini, na kila mara kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata. Ukikata nyuzi, mikwaruzo utaiona siku ya mwisho polishi inapong'aa, na siku hiyo hakuna wa kumlaumu. Kisha shelaki nyepesi sana mara ya kwanza, ya kufunga, ili kama kuna mafuta yaliyobaki chini yafungiwe huko huko. Ilikuwa mvule, na shelaki ilipoigusa ikageuka rangi ya chai ya rangi. Karanja alilitazama akasahau habari ya kupaka nyeusi.

Mama alipokuja tena alikuwa na kiondo alichokuwa akisuka, mikono yake haikujua kukaa bure. Akaliangalia gitaa.

"Liko uchi," akasema.

"Liko sawa, maitu."

"Hata kiondo cha kubebea viazi hakiachwi bila mstari."

Karanja akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akicheka tangu arudi. "Basi tia wewe."

Nikamletea brashi yangu nzuri na mikebe miwili ya rangi ya mafuta, nyekundu iliyoiva na nyeusi. Brashi aliishika, akaigeuza, akanirudishia. Badala yake akachomoa uzi wa mkonge kwenye kiondo chake, uzi uliosokotwa, akauchovya kwenye rangi, akaukamua kati ya vidole viwili. Karanja akashika ncha moja, yeye nyingine, wakaukaza kuzunguka ukingo wa gitaa, wakaubonyeza, wakauinua. Ukabaki mstari wenye msokoto wake wote, kama gitaa limefungwa kamba. Mwekundu, mweusi, mwekundu. Pale kwenye kiuno uzi uliteleza na mstari ukapinda. Nikataka kuufuta, mama akanizuia.

"Acha. Hata kiondo hupinda kwenye tumbo."

Kama mnataka kujaribu hilo, uzi uwe mkavu kabisa kabla ya kuuchovya, na rangi iwe nzito kidogo. Halafu mngoje. Sisi tulingoja rangi ikauke mpaka ukucha usiache alama, na hata hapo shelaki ya kwanza juu yake niliigusisha tu kwa brashi laini, bila kusugua, ili isivute ule mstari. Baadaye ndipo nikaingia na donge, mviringo mviringo, tone moja la mafuta kwenye donge lisinate. Mzee Sefu alikaa nyuma yangu akitazama. Nilipomaliza aliliinua, akajitazama humo kama kwenye kioo, akatengeneza kofia. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na imenitosha.

Karanja alirudisha waya zake. Harusi ya jirani yao ilikuwa imekaribia, nao walikuwa wamepewa ukumbi mmoja wa Ruiru wenye stima. Akaazima redio kubwa kwa bwana wake wa zamani wa Nairobi, akaifungua nyuma, akaunganisha gitaa kwenye spika yake. Mimi nilialikwa nikae karibu na ukuta kuangalia mtu yeyote asikanyage waya.

Ilikuwa mchana. Wanawake walikuwa nyuma ya ukumbi wanapakua chakula, na Mama Karanja alikuwa pamoja nao, juu ya sufuria ya irio. Karanja alipogusa uzi wa kwanza, watu waliokuwa wakiongea wakanyamaza nusu ya neno. Sauti ilijaa ukumbi, ikatoka kwa madirisha. Nilipotazama mlango wa nyuma nilimwona mama amesimama pale, mwiko mkononi.

Nikamwendea. "Kuna nini, mama?"

"Hiyo ni nini inayolia?"

"Ni Karanja. Ni lile gitaa."

"Lile langu? La darini?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Nyumbani kwao hakukuwa na stima kabla ya kukamatwa, wala baadaye. Karanja alipokuwa akilipiga mbele yake, lilikuwa ni ubao na nyuzi tu, lenye sauti ndogo ya kukwaruza. Hakuwahi kulisikia.

"Ndilo hilo," nikamwambia. "Ndiyo sauti yake."

Alisikiliza. Karanja alikuwa ameanza wimbo wao, na pale Wambui alipokuwa akiitikia hakuimba mtu. Aliacha gitaa liitikie.

"Na mimi," mama akasema polepole, "miaka yote ile nilikuwa nikipanga kuni juu yake."

Akasimama mpaka ubeti ukaisha. Kisha akarudi kwenye sufuria yake, ambako wanawake wenzake walikuwa wakicheka na kugonganisha sahani, akawaambia, "Punguzeni sauti kidogo. Huyo ni kijana wangu."